Vita Vilipokuwa Mali ya Koo: Makabaila na Majeshi katika Roma ya Mwanzo

Mwaka 479 KK Roma ilikuwa na maadui karibu kila upande. Wavolsci waliisumbua kutoka kusini, Waaequi walishuka kutoka milimani mashariki, na kaskazini, umbali wa kilometa 16 hivi, ulikuwapo Veii, mji wa Waetruria uliogombania na Roma vivuko vya Mto Tiber na biashara ya chumvi ya pwani. Mwanahistoria Titus Livius anasimulia kwamba konsuli Kaeso Fabius alisimama mbele ya Seneti akatoa ahadi: ukoo wake utavibeba vita vya Veii peke yake, bila kuomba askari wala fedha za hazina. Kesho yake wanaume 306, wote wa ukoo wa Fabius, walitoka nje ya lango la mji, konsuli akiwa katikati yao, wakaenda kujenga ngome kando ya kijito cha Cremera. Kwa miaka miwili waliteka mifugo na kuchoma mashamba ya adui. Mwaka 477 KK watu wa Veii wakawatega kwa kuacha makundi ya ng'ombe yakizurura bondeni. Akina Fabius wakayakimbilia, wakazingirwa, wakauawa hadi mtu wa mwisho. Inasemekana alibaki kijana mmoja tu, kwa kuwa alikuwa ameachwa nyumbani.

Waroma waliwasimulia watoto wao kisa hiki ili kuwafundisha ushujaa. Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni kwamba katika simulizi hakuna mtu anayeshangaa. Seneti haiulizi ukoo mmoja umepata wapi haki ya kuwa na vita vyake wenyewe. Wazee wanashukuru, watu wanajipanga barabarani kuwaombea heri, na kazi inaanza. Jamii inayoweza kusimulia jambo kama hilo pasipo kushtuka ni jamii iliyokuwa bado inakumbuka wakati ambapo vita havikuwa mali ya dola.

Tumezoea kuiona Roma kama mashine ya kijeshi ya serikali: vikosi, nidhamu, barabara, sheria. Lakini mashine hiyo iliundwa polepole, na kwa muda mrefu mji ulikuwa uwanja tu ambamo wakubwa wenye ardhi, farasi na wafuasi walikutana, wakaoana, wakagombana, na mara nyingine wakaenda vitani pamoja. Swali la historia ya mwanzo ya Roma, kwa maoni yangu, ni namna vita vilivyotoka mikononi mwa koo na kuingia mikononi mwa umma. Majibu mengi huwatazama wafalme, watunga sheria na majemadari. Mimi nadhani waliofanya kazi kubwa zaidi ni watu wa kawaida, na silaha yao kuu ilikuwa kukataa kupigana.

Jiwe, kaburi na chapeo

Kwanza tuwapime mashahidi. Livius aliandika mwishoni mwa karne ya 1 KK, zaidi ya miaka 440 baada ya Cremera. Mroma wa kwanza kuandika historia ya mji wake, Quintus Fabius Pictor, aliandika kwa Kigiriki karibu mwaka 200 KK, na kama jina lake linavyoonyesha, alikuwa mtu wa ukoo uleule. Koo kubwa zilitunza hotuba za mazishi ya mababu zao, na Cicero mwenyewe alilalamika kwamba hotuba hizo ziliijaza historia ya Roma ushindi ambao haukutokea kamwe. Isitoshe, mashujaa 306 wanaofia mahali pembamba wanafanana mno na Wasparta 300 waliokufa Thermopylae mwaka 480 KK. Mwenye mashaka ana haki ya kuwa nayo.

Hata hivyo kuna ushahidi mkavu ambao hakuna mwimba sifa aliyekuwa na sababu ya kuutunga. Orodha ya makonsuli inaonyesha kwamba kuanzia mwaka 485 hadi 479 KK, miaka saba mfululizo, mmoja wa makonsuli wawili wa kila mwaka alikuwa Fabius. Hakuna ukoo mwingine uliowahi kuwa na nguvu ya namna hiyo katika jamhuri changa. Kisha, kuanzia 478, jina linatoweka kwa zaidi ya miaka kumi, na linarudi mwaka 467. Anayewasifu marehemu wake huongeza vyeo, hapunguzi. Pengo hilo linasema kwamba jambo baya kweli liliupata ukoo huo, hata kama idadi ya 306 imepambwa.

Ushahidi wa pili ulifukuliwa mwaka 1977 huko Satricum, mji wa kale ulio umbali wa kilometa 50 hivi kusini mashariki mwa Roma. Wanaakiolojia Waholanzi walikuta jiwe lililotumika upya katika msingi wa hekalu la Mater Matuta. Maandishi yake, ya karibu mwaka 500 KK, yanasema kwamba maswahiba wa Poplios Valesios wameliweka wakfu kwa Mamars, yaani Mars, mungu wa vita. Poplios Valesios ni umbo la kale la jina Publius Valerius, na simulizi za Roma zinamtaja Publius Valerius Publicola kuwa miongoni mwa makonsuli wa mwaka wa kwanza wa jamhuri, 509 KK. Huenda ni mtu yuleyule, huenda siyo. Linalonigusa ni jinsi watu hao walivyojitambulisha mbele ya mungu wao. Hawakusema ni raia wa Roma, wala wa Satricum, wala wa mji wowote. Walisema ni watu wa Valesios. Kwao hilo lilitosha.

Huko Vulci, katika nchi ya Waetruria, kaburi lililofunguliwa mwaka 1857 na Alessandro François lina mchoro wa ukutani wa karne ya 4 KK unaoonyesha matukio ya kale zaidi. Wapiganaji wanawachinja wenzao walio uchi nusu, kana kwamba wamevamiwa usingizini. Majina yameandikwa pembeni: Avle Vipinas, ndugu yake Caile Vipinas anayekatwa kamba za mateka, Mastarna anayezikata, na mmoja wa wanaouawa ni Cneve Tarchunies wa Roma, jina linalotukumbusha wafalme wa ukoo wa Tarquinius. Katika mwaka 48 BK kaizari Claudius, aliyekuwa msomi wa mambo ya Waetruria, aliiambia Seneti kwamba Mastarna huyo, swahiba wa Caelius Vibenna, ndiye aliyekuja kuitwa Servius Tullius, mfalme wa sita wa Roma. Hotuba hiyo ilichongwa kwenye bamba la shaba ambalo bado lipo Lyon, Ufaransa. Kumbe nyuma ya mfalme mpole anayesifiwa na Waroma kwa kupanga raia na kuwahesabu, palikuwa na kumbukumbu nyingine: kiongozi wa kikosi cha watu wenye silaha aliyepoteza kwao, akaja Roma na jeshi lake, akatawala.

Na kuna chapeo za Vetulonia. Zaidi ya mia moja zilifukuliwa nje ya ukuta wa mji huo wa Waetruria, zimepondwa na kuzikwa pamoja, za mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Nyingi zimechongwa neno moja, haspnas, ambalo wataalamu wanalisoma kuwa jina la ukoo. Silaha za jeshi zima zikiwa na jina la familia! Kwa muda mrefu iliaminika kwamba popote palipopatikana dirii na chapeo za shaba na ngao za duara kama za Wagiriki, hapo palikuwa na jeshi la raia na mji wenye serikali imara. Vetulonia inatuonya tusiharakishe, kwa sababu vifaa vilevile viliweza kuvaliwa na watu wa bwana mmoja.

Ardhi, ng'ombe na wafuasi

Kabaila wa Lazio wa karne ya 7 KK tunamjua kwanza kwa kaburi lake. Katika Praeneste, makaburi yanayoitwa Bernardini na Barberini yalikuwa na dhahabu, fedha, pembe za ndovu na vyombo kutoka mashariki ya Mediterania. Huko Castel di Decima, kusini mwa Roma, wakubwa walizikwa na magari yao ya vita, na baadhi ya wanawake wa familia hizo nao walizikwa kwa heshima hiyo. Gari la kukokotwa na farasi halikuwa chombo cha kulimia. Lilisema kwamba huyu aliyelala hapa alikuwa na malisho, alikuwa na mafundi, na alikuwa na watu.

Watu ndio waliokuwa utajiri wenyewe. Mroma maskini au mgeni aliyetafuta ulinzi alijiweka chini ya bwana, akawa mfuasi wake. Mwanahistoria Mgiriki Dionysius wa Halicarnassus anaeleza wajibu wa wafuasi: kuchangia mahari ya binti za bwana pale mali yake ilipopungua, na kumkomboa yeye au mwanawe akitekwa vitani. Bwana naye alitakiwa kuwasemea mahakamani na kuwatunza. Mkono mtupu haulambwi, na bwana asiyegawa hakuwa na jeshi. Sheria za Mbao Kumi na Mbili za mwaka 451 hadi 450 KK zilimlaani bwana atakayemdhulumu mfuasi wake. Anakabidhiwa kwa miungu, yaani damu yake haina wa kuidai. Sheria kali namna hiyo haitungwi dhidi ya kosa lisilotendeka.

Chanzo kikubwa cha kugawa kilikuwa ngawira. Tukiondoa hotuba na mapambo katika vitabu vya mwanzo vya Livius, vita vingi vya karne ya 5 KK ni uvamizi wa kiangazi: mazao yanachomwa, ng'ombe wanaswagwa, mateka wanachukuliwa, kila mtu anarudi nyumbani kabla ya baridi. Dionysius na Plutarch wanaeleza namna Gnaeus Marcius, aliyejulikana kama Coriolanus, wakati wa njaa na ugomvi baina ya matajiri na maskini, alivyowachukua wafuasi wake na waliojitolea wakaenda kuvamia eneo la Antium. Walirudi na nafaka, mifugo na mateka. Plutarch anaongeza kwamba Marcius hakujiwekea kitu. Aliwapa wote waliokwenda naye, na waliobaki mjini wakaona wivu. Huo ndio uchumi wa siasa wa kabaila kwa kifupi: serikali haijafanya lolote kuhusu njaa, mkubwa mmoja anawalisha watu wake kwa mkuki, na siku ya pili kila mtu anajua nani wa kumfuata.

Kwa nguvu ya namna hiyo mipaka ya mji haikuwa na maana kubwa. Mwaka 504 KK, Msabini aliyeitwa Attus Clausus, baada ya kushindwa katika ugomvi wa kisiasa kwao, alihamia Roma na kundi kubwa la wafuasi. Dionysius anataja wanaume 5,000 wenye uwezo wa kubeba silaha. Roma ilimpa ardhi ng'ambo ya Mto Anio, ikamwingiza kwenye Seneti, na kutokana naye ukaja ukoo wa Claudius uliokuja kutoa makaizari. Coriolanus alipofukuzwa Roma alikwenda upande wa pili, kwa Wavolsci, na wao wakampa jeshi. Mwaka 460 KK Msabini mwingine, Appius Herdonius, aliteka kilima cha Capitolium usiku akiwa na watu 2,500 kwa hesabu ya Livius, waliofukuzwa makwao na watumwa, na ilibidi jeshi la mji jirani wa Tusculum lije kusaidia kumtoa. Konsuli alikufa katika mapigano hayo. Clausus, Marcius na Herdonius walifanya jambo lilelile. Aliyefaulu akaitwa mzee wa Seneti, aliyeshindwa akaitwa msaliti au mvamizi.

Hata majina ya kata za mashambani yanashuhudia. Kata za kale kabisa za Roma ziliitwa Fabia, Claudia, Cornelia, Aemilia, Horatia. Raia aliandikishwa na kupiga kura ndani ya eneo lenye jina la ukoo wa mkubwa.

Mji unaanza kudai chake

Tusidhani kwamba umma haukuwa na chake. Tangu wakati wa wafalme palikuwa na hekalu kubwa la Jupiter juu ya Capitolium, uwanja wa baraza uliokaushwa maji na kusakafiwa, na kalenda iliyofungua msimu wa vita mwezi Machi na kuufunga Oktoba. Simulizi zinampa Servius Tullius sifa ya kuwapanga raia kwa mali zao: wenye uwezo wa dirii na chapeo kamili wakawa daraja la kwanza, wenye kidogo wakasimama nyuma yao, na wasio na kitu wakaachwa nje. Mpango kamili wa vikundi 193 tunaousoma kwa Livius ni wa baadaye, lakini msingi wake ni wa kale: anayejinunulia silaha ndiye mwenye sauti. Mkutano huo wa wenye silaha ndio uliochagua makonsuli na kutangaza vita, na ulifanyika nje ya mpaka mtakatifu wa mji, kwenye Uwanja wa Mars, kwa sababu ulikuwa ni jeshi lililokaa kupiga kura. Wapanda farasi walikuwa na kura 18 na daraja la kwanza 80. Jumla yao, 98, ilitosha kumaliza jambo kabla maskini hawajaitwa.

Kwa hiyo jeshi la umma lilipozaliwa, lilizaliwa likiwa mikononi mwa wenye nacho. Wakubwa walikuwa na njia mbili za kupigana, kwa jina la ukoo au kwa jina la mji, nao walitumia yoyote iliyowafaa. Kilichowabana hakikutoka juu.

Mwaka 495 KK, anasema Livius, mzee mmoja aliingia ghafla kwenye uwanja wa baraza akiwa na nguo chakavu, amekonda, ndevu na nywele zimekuwa kichaka. Watu walimtambua: aliwahi kuwa kamanda wa kikosi, na makovu ya vita yalikuwa kifuani pake. Alieleza kwamba alipokuwa vitani dhidi ya Wasabini, adui walichoma nyumba yake, wakaharibu mazao, wakaswaga mifugo yake. Kisha akadaiwa kodi wakati ambapo hana kitu. Akakopa, riba ikamla, akapoteza shamba la babu yake, na mwishowe mdai wake akamchukua yeye mwenyewe na kumfungia mahali pa mateso. Akageuka akawaonyesha mgongo wenye alama mbichi za mijeledi.

Sijui kisa kingine katika fasihi ya Kilatini kinachoeleza kwa uwazi zaidi uhusiano wa vita na ukabaila. Uvamizi uliompa mkubwa ngawira na sifa ulimpa mkulima mdogo deni. Mwenye ng'ombe 100 akipoteza 20 bado ni tajiri. Mwenye ng'ombe wawili akiwapoteza anakwenda kukopa, na wa kukopesha ni yuleyule mkubwa. Deni likishindikana, mwili wa mdaiwa unakuwa dhamana, na kabaila anapata mfanyakazi asiyelipwa. Hivyo vita vilileta kwenye himaya ya bwana watu ambao hata ulinzi wake hawakuwa wameutaka.

Kisha Wavolsci wakaja, na Seneti ikahitaji askari. Makabwela, plebei kama walivyoitwa, walikataa kuandikishwa. Konsuli Publius Servilius alilazimika kutangaza kwamba hakuna atakayemfunga raia anayetaka kwenda vitani wala kukamata mali ya askari aliyeko kambini. Wakaenda, wakashinda, wakarudi, na ahadi ikasahauliwa. Mwaka 494 KK walipotakiwa tena, jeshi lilitoka mjini likaenda kukaa juu ya Mlima Mtakatifu, ng'ambo ya Mto Anio, bila fujo, bila kupora mtu. Mgomo huo ndio uliozaa watetezi wa makabwela, viongozi ambao plebei waliapa kumuua yeyote atakayewagusa. Katika miongo iliyofuata, watetezi hao walizuia uandikishaji wa askari mara kwa mara hadi madai yao yasikilizwe.

Kwa nini wakubwa hawakuwaacha wagome na kupigana kwa wafuasi wao peke yao? Cremera ndiyo jibu. Ukoo wenye nguvu kuliko zote ulijaribu kupigana vita vya mji kwa watu wake, ukafutwa na mji mmoja tu wa jirani. Veii ilikuwa inaleta uwanjani idadi ambayo hakuna familia ingeweza kuifikia, na Wavolsci na Waaequi walikuwa wakishambulia kila mwaka. Karne ya 5 KK iliwafundisha makabaila kwamba wanawahitaji wakulima wasiokuwa wafuasi wa mtu, na hao walikuwa wamejifunza bei yao.

Veii, mshahara na shamba

Bei ilianza kulipwa miongo kadhaa baadaye. Mwaka 406 KK, Roma ilipoazimia kuimaliza Veii kabisa, Seneti iliamua kwamba askari wa miguu walipwe kutoka hazina ya umma. Makabwela, anasema Livius, walifurahi hadi kuwashika mikono maseneta waliokuwa wakitoka mkutanoni. Ili kupata fedha, kila raia alitozwa kwa kadiri ya mali yake. Sarafu za fedha hazikuwapo, kwa hiyo wakubwa walipeleka vipande vizito vya shaba hazinani kwa mikokoteni, na watu wakatazama. Inafaa kuitazama mikokoteni hiyo na sisi. Ule utajiri uliokuwa ukigawiwa wafuasi ndani ya ua wa bwana, sasa unapita barabarani, unahesabiwa, unaingia ghala la umma, kisha unamfikia askari bila kupitia mkono wa kabaila yeyote. Mkulima aliyelipwa aliweza kukaa kambini hata majira ya baridi. Uvamizi wa kiangazi ukageuka kuwa kuzingira mji mwaka mzima.

Veii ilianguka mwaka 396 KK chini ya dikteta Marcus Furius Camillus. Ngawira ilizua ugomvi, kama kawaida, lakini ardhi ilikuwa jambo kubwa zaidi: mwaka 393 Seneti iliamua kwamba kila mplebei apewe jugera saba za mashamba ya Veii, karibu ekari nne na nusu. Ng'ombe wa ngawira huliwa, lakini shamba linamfanya maskini aweze kujinunulia silaha, na mwenye silaha anaingia daraja la wapiganaji na wapiga kura. Vita vilianza kuzalisha raia pale ambapo awali vilizalisha wadaiwa.

Tabia za kale hazikufa mara moja. Miaka michache baadaye Wagauli walipouzingira mji wa Clusium, Roma iliwatuma wajumbe watatu, ndugu wa ukoo wa Fabius, kwenda kusuluhisha. Wajumbe hao wakashika silaha na kupigana upande wa Clusium, na mmoja wao akamuua kiongozi wa Wagauli na kumvua silaha zake, kama alivyofanya shujaa yeyote wa kale. Wagauli walidai wakabidhiwe kwa kuvunja sheria za ujumbe. Badala ya kuwatoa, Waroma waliwachagua ndugu hao kuwa makamanda wa mwaka uliofuata. Jeshi lao lilivunjwa kwenye kijito cha Allia na mji ukachomwa, mwaka ambao Waroma waliuhesabu kuwa 390 KK. Sina hakika kwamba kila undani wa kisa hicho ni kweli, ila Waroma wenyewe waliamini kwamba maafa makubwa kuliko yote yaliwafika kwa sababu wakubwa wawili watatu walijisahau wakadhani vita ni vyao.

Makabaila wanapata malipo yao

Je, makabaila walishindwa? Hapana, na hapa natofautiana na wanaoisimulia karne ya 4 KK kama ushindi mtupu wa wananchi. Sheria za Licinius na Sextius za mwaka 367 KK ziliwafungulia plebei ukonsuli, na mwaka 326 KK, kwa tarehe ya Livius, utumwa wa deni ulikomeshwa. Haya ni mambo makubwa. Lakini waliopita katika mlango uliofunguliwa walikuwa plebei matajiri, ambao waliungana na koo za kale wakawa tabaka jipya la watukufu. Tabaka hilo liliachana na vita vya binafsi na kupata kitu kikubwa zaidi: haki ya kuongoza jeshi la umma, zamu kwa zamu, mwaka mmoja mmoja.

Nidhamu iliyowafanya wakubali hilo ilikuwa ya kutisha. Titus Manlius alikuwa amepata umaarufu akiwa kijana kwa kumuua Mgauli katika pambano la wawili na kumvua mkufu wake, akaitwa Torquatus. Mwaka 340 KK akiwa konsuli katika vita na Walatini, alipiga marufuku mtu yeyote kupigana nje ya mstari. Mwanawe mwenyewe alitukanwa na mpanda farasi wa Tusculum, akakubali pambano, akashinda, akamletea baba silaha za adui. Baba akaita jeshi likusanyike, akaamuru akatwe kichwa. Kijana alifanya hasa kile kilichompa baba yake jina. Tofauti ilikuwa kwamba ushujaa sasa ulihitaji ruhusa. Mwaka 325 KK Quintus Fabius Rullianus, naibu wa dikteta Papirius Cursor, aliwashinda Wasamniti bila amri ya mkuu wake, naye akaponea chupuchupu kupata adhabu hiyohiyo. Ilibidi watu wa Roma wamwombee.

Katika mawe, badiliko hilo linaonekana kwenye jeneza la Lucius Cornelius Scipio Barbatus, konsuli wa mwaka 298 KK, ambalo sasa limo katika makumbusho ya Vatikani. Maandishi yake yanataja uzuri wake na ushujaa wake, miji aliyoiteka na nchi aliyoitiisha. Hayo hata Poplios Valesios angeyaelewa. Lakini yanataja pia kwamba alikuwa konsuli, censor na edili, na yanawaambia wasomaji kwamba vyeo hivyo alivishika kwao. Kabaila wa Satricum alihesabiwa kwa maswahiba wake. Barbatus anahesabiwa kwa kura za umma, na vita vyake ni vya Roma.

Mpango huo una gharama ambayo majirani wa Roma ndio walioilipa. Konsuli alikuwa na mwaka mmoja tu wa kujipatia ushindi, ngawira na gwaride la ushindi ambalo ukoo wake ungelitaja katika kila mazishi. Polybius, aliyeishi Roma katika karne ya 2 KK, anaeleza mazishi hayo: waigizaji wanavaa vinyago vya nyuso za mababu na mavazi ya vyeo vyao, wanakaa kwenye viti vya pembe za ndovu uwanjani, na vijana wanatazama. Mtu aliyekulia mbele ya vinyago hivyo hakuwa na subira ya kungojea amani. Mwanahistoria William Harris alijenga hoja hiyo mwaka 1979 kuhusu upanuzi wa Roma, na sijaona jibu lililoiangusha. Jamhuri iliwakataza wakubwa kupigana wenyewe kwa wenyewe na kwa ajili yao wenyewe, kisha ikayapa mashindano yao Italia nzima kuwa uwanja, na baadaye Mediterania.

Mkataba ulisimama kwa nguzo tatu: umma humteua jemadari, umma humlipa askari, na umma humgawia ardhi. Nguzo ya tatu ndiyo iliyopasuka kwanza. Baada ya miaka ya 170 KK, ugawaji wa mashamba na uanzishaji wa makoloni katika Italia ulikaribia kukoma, huku vita vikiwa virefu na vya mbali. Mwaka 134 KK, Seneti ilipomnyima Scipio Aemilianus askari wapya wa vita vya Numantia, alikwenda Hispania na watu 4,000 hivi waliojitolea, 500 kati yao wakiwa wafuasi na marafiki aliowaunda kuwa kikosi kilichobeba jina la urafiki. Mwaka 107 KK Gaius Marius aliandikisha wasio na mali, na mwaka 103 sheria ya kuwapa askari wake wa zamani mashamba katika Afrika ilipitishwa kwa sababu mshirika wake wa kisiasa aliisukuma. Askari alijifunza upya anayemlisha ni nani. Msomaji wa Kiswahili aliyeijua Roma kwa Juliasi Kaizari aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere aliikuta tayari imefika huko, mji ambamo majemadari wana majeshi na Seneti ina majambia.

Kabla ya Kaizari alikuwapo Pompeius. Mwaka 83 KK, akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda Picenum, ambako baba yake alikuwa na ardhi na wafuasi wengi, akaandikisha vikosi vitatu vya jeshi kwa jina lake na kwa mali yake. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kushika wadhifa wowote. Alipofika kwa jemadari Sulla, aliyekuwa akirudi kuitwaa Roma, Sulla alishuka kwenye farasi na kumwamkia kwa cheo cha jemadari mshindi.